Liwa Ina Miguu

Mwanangu Tausi,

Hapa Kivinje hapana mtu asiyejua kwamba Bwana Shauri hatii saini karatasi nzito kabla hajamtuma tarishi kuuliza, "Athumani anasemaje?" Siku nisipopita sokoni, wauza samaki hawajui waanzie bei gani. Mtu wa namna hiyo leo ameazima kalamu kwa jirani, amekaa ukumbini tangu adhuhuri na jasho linamtoka, anamwandikia msichana wa miaka kumi na saba. Basi ujue jambo si dogo.

Marahaba ya shikamoo yako ya asubuhi. Uliitoa huku umegeuza uso, lakini nimeipokea, maana mjomba hachagui.

Barua hii nitaiweka chini ya vitumbua, ndani ya kapu lako la safari. Nakujua. Kesho lori halitafika Mto Mavuji kabla hujafunua kitambaa. Wewe umesoma mpaka darasa la nne. Mimi nilitoka la pili, kwa sababu mwalimu aliona nimekwisha kumaliza yote aliyokuwa nayo. Ukikuta neno limepinda, linyooshe mwenyewe.

Nimesikia ulivyomwambia Bi Rehema, shangazi yake mumeo: "Lori likisimama Kiswere kupakia chumvi, mimi sishuki." Ulisema kwa sauti ili nisikie na mimi. Nimesikia. Mama yako yuko pale Kiswere, kwenye majaruba ya chumvi, umbali wa kuita mtu akaitika. Usiposhuka kesho, usijidanganye kwamba atakufuata Lindi ukishazaa. Hatakuja. Mimi na Mwanahawa tumenyonya ziwa moja, namjua. Akishafunga mdomo hufunga na mlango, na ufunguo anautupa baharini.

Sitakwambia namna ya kumpikia Salumu, wala namna ya kumwamkia mama mkwe. Hayo kungwi wako Bi Hadija amekujaza siku saba mpaka yanakumwagikia masikioni. Mimi nitakuandikia habari za ngozi. Ngozi ndiyo iliyowatenga wewe na mama yako, na hapa mjini hakuna mjuzi wa ngozi kama mimi.

Nina miaka hamsini na ushei. Nilizaliwa Mdachi bado ana bendera yake pale bomani. Lakini karani wa kodi aliponiona alikataa kuniandika, akasema, "Wewe kijana, kamwite baba yako." Mwaka ule wa nzige, nzi mmoja alitua shavuni pangu mbele ya mashahidi wanne, akateleza, akaangukia kahawa ya watu, na tulipomtoa tukakuta mguu umevunjika. Mashahidi wawili wamekwisha kufa, lakini wawili wapo, kawaulize.

Kila aliyetaka siri yangu nilimpa bure. Nilimwambia ngozi ni chakula na makazi. Kula pweza wa kuchemshwa kwa tui. Kunywa madafu mawili kabla hujasema na mtu. Asali ya Matumbi, kijiko asubuhi. Tumbaku usitafune, sigara usivute. Baada ya adhuhuri lala, na jua ulitazame kupitia dirishani tu, kama unavyomtazama mdai. Siku mumeo Salumu alipokuja kujitambulisha, nilimwambia hayo yote. Yeye ni dresa, nikadhani atanibishia. Vijana wa hospitali hupenda kubisha.

"Kweli, mjomba," akasema. "Ngozi haina siri. Mtu akija kufungwa kidonda, kabla hajataja jina lake nimekwisha kujua anakula nini na anashinda wapi."

"Basi nitazame mimi. Unaona nini?"

Akanitazama kwa adabu. "Naona mjomba ana mtu anayemtunza sana."

Nikatamba na maneno hayo wiki nzima. Nilimwambia mpaka muuza kashata. Imenichukua muda mrefu kuelewa kwamba yule kijana hakuwa amenisifu mimi.

Kwani pweza yule nani alimchokoa mwambani maji yakitoka, mgongo juani tangu asubuhi? Madafu yale nani aliyabeba kichwani kutoka shamba? Baba yako alipofariki, wewe ukiwa hujajua hata kukaa, nilisimama mbele ya msikiti mzima nikasema, "Ndugu yangu huyu na mwanawe wako juu yangu." Watu wakanisifu sana. Nikazipokea sifa zote, sikurudisha hata moja. Lakini kuwa juu yangu kulikuwa hivi: mimi nilikaa barazani nikitoa mashauri, na Mwanahawa kila kiangazi akaenda Kiswere kukokota chumvi, miguu ndani ya majaruba mpaka ugokoni, jua juu na weupe wa chumvi chini, akipikwa pande zote mbili kama mkate wa kumimina.

Kitoweo kikiiva, minofu ilikuwa kwangu, mchuzi kwako, miiba kwake. Yeye alikula ugali wa makopa na chumvi. Chumvi ile ilikuwa na zamu mbili: mchana ilimla yeye miguu, jioni yeye akaila. Visigino vikapasuka magaga, ukiangusha punje ya mtama humo huioni tena. Shingo ikajikunja. Uso ukasinyaa angali na miaka thelathini na kitu. Ni mdogo wangu kwa miaka sita, Tausi. Unasikia? Sita. Nilimbeba mgongoni.

Kwa hiyo mtu akikuuliza kama chakula na maisha hutengeneza ngozi, mwambie ndiyo, hutengeneza, mjomba wako ameona. Uso wangu mmoja umekula nyuso mbili.

Wa kwanza kuliwa haukuwa wa mama yako. Ulikuwa wa Mwanaisha, mke wangu, ambaye wewe hukumkuta. Nilimwoa akiwa na uso kama ngoma mpya. Akazaa mara tatu, akazika mara tatu, na kila mara ule uso ulizama kidogo. Mimi sikuzaa wala sikunyonyesha, nikawa nalala baada ya adhuhuri kama kawaida, nikamwona anazeeka peke yake, nikadhani ni uvivu wake. Siku moja, mbele ya mama yake mzazi, nikamwambia, "Nilioa embe, nimebaki na kokwa." Watu walicheka. Nilikuwa hodari wa maneno tangu zamani. Jumatatu yake nikampa talaka.

Sasa sikiliza. Mwaka huu nilipokwenda Lindi kumaliza mazungumzo ya posa yako, nilipita sokoni nimevaa kanzu ile nyeupe. Pale kwenye viungo ameketi mwanamke mnene, ametulia, uso unang'aa kama mbegu ya ukwaju. Nikasimama. Akaniona.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Mwanaisha! Kanipa mimi shikamoo! Nikakaza sauti, nikamwambia, "Hunijui?"

Akainuka nusu, akanisogelea. "Ala! Athumani? Maskini. Uliugua?"

"Sikuugua."

"Pole hivyo hivyo," akasema. Kisha akamgeukia binti yake. "Mpe babu kigoda."

Binti akaleta kigoda. Na mimi nikakaa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: nilikaa.

Baadaye jirani yake alinieleza, bila kuulizwa. Aliolewa na seremala. Anakula anachouza, anaondoka sokoni jua likiwa kali, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtu nyumbani aliyemwambia kokwa. Nikarudi Kivinje nimekaa mbele ya lori, karibu na kioo kile cha pembeni cha dereva. Safari nzima mle kiooni alikuwemo mzee mmoja, na kila nikiinamisha kichwa naye anainamisha.

Hayo sikumwambia mtu. Niliporudi nilisema Lindi nzima iliniuliza ninatumia dawa gani. Tena kule Lindi nilikuwa nimetamba mbele ya wakwe zako kwamba kwetu hatuzeeki, na kwamba mama yako ukimsimamisha na wewe utadhani ni mtu na dadaye. Maneno hutoka tu, Tausi, hasa mbele ya pilau.

Basi Bi Rehema alipokuja na mahari, unakumbuka. Mama yako ndiye aliyeingia na birika na beseni kunawisha wageni. Bi Rehema akatandaza mikono, akakuuliza wewe, "Huyu ndiye bibi yako?"

Ukatazama mkeka. Nilikuwa mlangoni, nilikuona. Ulivuta pumzi mara tatu. Mama yako akakujibia.

"Ndiye mimi bibi yake, mwanangu. Karibu maji."

"Ahsante, bibi. Na mama yake yuko wapi?"

Hapo nikaingia mimi. Nikasema, "Mama yake yuko Kiswere, ana shughuli zake za chumvi." Na yeye ameshika birika, maji yanatiririka.

"Basi mwambieni tuna hamu naye," akasema Bi Rehema.

"Tutamwambia," akasema mama yako.

Wewe ulinyamaza na mimi nikasema. Sijui nani alimkata zaidi. Nadhani wewe. Mimi alikuwa amenizoea.

Kisha Bi Rehema akarudi Lindi kungoja siku ya ndoa, nawe ukaingizwa ndani kwa singo, kusuguliwa na kupakwa manukato ya biharusi. Salumu alikuletea liwa nzuri, kipande cha mti mnene kama mkono wa mtoto, harufu yake inafika mpaka msikitini. Na bado aliyeisaga alikuwa mama yako. Kila siku alikaa na kile kijiwe cha tumbawe, msio, akasugua liwa kwa marashi taratibu mpaka iwe uji, akakupaka kuanzia vidoleni mwa miguu kwenda juu. Nilikuwa nasikia kutoka barazani ukilalamika, "Mama, mikono yako inakwaruza." Akakufungia kitambaa laini kwenye vidole vyake, akaendelea.

Siku ya tano Bi Hadija akakiinua kile kipande mbele ya wanawake wote. Kilikuwa kimebaki kama kidole gumba.

"Liwa ina miguu," akasema. "Humu ndani kuna mtu anajipaka."

Wakatazamana. Halafu macho yote yakageukia upande mmoja, kama mbuzi waliosikia mlango wa zizi. Nani mwingine? Nani mwenye uso unaohitaji dawa?

"Mwanahawa, shoga, gome la mkoko halipakwi liwa," mmoja akasema. "Linapakwa lami!"

"Mwacheni, anataka afungishwe ndoa siku moja na mwanawe!"

"Kwa nani?"

"Kwa kaburi!"

Kicheko hicho kilisikika mpaka kwa mchoma mihogo. Na mimi, mjomba wako, nilikuwa barazani, nikaona nikinyamaza nitapitwa. Nikapaza sauti dirishani, "Mwacheni, jamani! Hata paa la makuti huota kuwa bati!" Walicheka zaidi ya mwanzo. Bi Hadija alinisifia neno hilo siku mbili.

Lakini wao walirusha mawe tu. Kisu ulikuwa nacho wewe. Hukupiga kelele, ulisema polepole, kwa huruma kabisa: "Mama, si ungeniomba tu?"

Hakuapa. Aliuweka msio chini kama mtu anayeweka yai, akafuta mikono kwenye kanga, akafungua kile kitambaa vidoleni, akakikunja. Akachukua kifurushi chake. Alipopita barazani akasimama mbele yangu. Akanitazama shavu la kulia, akanitazama la kushoto, muda mrefu, kama mtu anayenunua samaki. Akavuta hewa puani.

"Kaka," akasema, "leo unanukia vizuri."

Akaenda zake Kiswere. Uongo wangu ukawa kweli: mama yake yuko Kiswere, ana shughuli zake za chumvi. Ijumaa ukaozwa bila yeye, na mimi nikawaambia watu ana homa.

Sasa nikuonye, na sitaki ulie, machozi yataharibu wino. Leo uko laini kama ndani ya dafu. Wanawake wanakushika mkono wanausifu, na wewe unadhani ni wako. Si wako. Kuna mtu ameulipia kwa wake. Utazeeka, Tausi. Utazaa, utakesha, moshi wa kuni utakuingia machoni, na siku moja binti yako ataulizwa na mgeni, "Huyu ndiye bibi yako?" Naye atatazama mkeka. Atakuwa amejifunza wapi? Hapo ndipo utakapomkumbuka mama yako, na yeye atakuwa amekwisha kufa, maana watu wa chumvi hawakawii. Nimesema vibaya? Nimesema vibaya. Umri huo ukifika utaniambia kama nilisema uongo.

Lori likisimama, shuka. Bi Rehema akiuliza unakwenda wapi, usimwambie unakwenda kumuaga bibi. Mwambie, "Nakwenda kwa mama. Ndiye yule aliyekunawisha." Atashangaa, atanitukana mimi, na Lindi nzima itajua kwamba Athumani ni mwongo. Niachie hilo. Nilikwisha kukalia kigoda cha babu, nitalivumilia na hili.

Ukifika kwake usimwombe radhi kwa maneno mengi, hayapendi. Ameishi na mimi. Kaa chini. Mwoshe miguu ile kwa maji yasiyo na chumvi. Ninayajua majaruba yale, maji ya kunywa yako mbali, basi chukua mtungi ulio nyuma ya lori, nimemwambia dereva aujaze.

Na atakapokuuliza barua inasema nini, maana yeye hakusoma, itabidi umsomee na sehemu hii. Nimeizunguka tangu mstari wa kwanza, nimekupitisha Lindi na kukurudisha ili nisiifikie, na sasa karatasi imekwisha.

Liwa niliichukua mimi.

Tangu siku ile ya kigoda sikuweza kulala usingizi wangu wa mchana. Mlipokuwa mmejinyoosha baada ya adhuhuri, niliingia kwa kunyata, nikasaga kidogo kwenye msio, nikajipaka, nikakaa nyuma ya choo mpaka ikauke. Uso ulikuwa ukikaza kama ukuta uliopakwa chokaa, hata kupiga chafya niliogopa. Kisha nilinawa, nikatoka barazani kutoa mashauri. Siku tano. Hapana aliyegundua, ila pua moja.

Kipande kilichobaki nimekifunga kwenye kitambaa hiki, kiko chini ya vitumbua pamoja na barua. Mpe mama yako, mpake kwa mkono wako. Utakiona ni kidogo kuliko alichokishika Bi Hadija. Hukukosea. Leo asubuhi, kabla hujanipa ile shikamoo ya kugeuza uso, nilikuwa nimejipaka tena, ili wakija watu kesho kukuaga wasinione mzee.

Mjomba wako,
Athumani